Mimweko machoni isingojewe

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, umri miaka 61. Usiku mmoja nilipozima taa niliona mmweko pembeni mwa jicho la kushoto, kama radi ya mbali. Nikadhani ni uchovu wa sindano na uzi. Siku ya tatu vikaja vidoa vyeusi vinavyoelea kama mbu, ndipo binti yangu akanipeleka kwa daktari wa macho.

Alinitia matone ya kupanua mboni, akachungulia kwa muda mrefu. Kumbe ute uliojaa ndani ya jicho husinyaa kadiri umri unavyosonga, na unapoivuta retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, retina haisikii maumivu; hujibu kwa mmweko wa mwanga. Mara nyingi haidhuru. Yangu ilikuwa imechanika, nikapigwa leza siku hiyo hiyo. Ningengoja kivuli kishuke kama pazia, huenda jicho lingepotea.

Dada yangu naye huona mistari inayometameta, macho yote mawili, kama dakika 20 kabla ya kipandauso. Hiyo hutoka kwenye ubongo.

Naomba gazeti liwaambie wasomaji, hasa wenye umri wangu na wanaovaa miwani ya kuonea mbali: mimweko ikianza ghafla, wakapimwe siku hiyo hiyo.

Fundi Cherehani