Mazoezi na mavazi ya kujisitiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mavazi ya sisi wanawake Wakristo tunaofanya mazoezi. Tangu daktari aniagize nitembee kwa ajili ya shinikizo la damu, kila alfajiri huvuka Daraja la Tanzanite, Dar es Salaam, nikiwa nimevaa suruali ya michezo na fulana inayofika mapajani, na kwa vazi hilo nimeonywa na mzee mmoja wa kanisa. Nilijaribu kufunga kitenge juu yake. Upepo wa bahari ukakipeperusha, kikanizonga miguu hadi nikaanguka.

Mtume Paulo, katika 1 Timotheo 2:9, anapowataka wanawake wavae mavazi ya kujisitiri, papo hapo anataja dhahabu, lulu na nguo za thamani, yaani alikemea pia kujionyesha kwa mali, jambo ambalo Jumapili hatulisemi kabisa. Nguo ya kubana inayoacha kitovu wazi haitufai, nami nakubali mabinti zetu waambiwe hivyo kwa upole. Lakini Yesu, katika Mathayo 5:28, alimwonya mwanamume juu ya jicho lake mwenyewe; wazee wetu nao wauhubiri mstari huo, maana wapo akina mama waliokwisha kuacha kutembea kwa kuogopa maneno.

Msomaji wako,
Dar es Salaam