Kumuaga Truex kesho: mahali pamebadilika

Habari za jioni wapendwa,

Kesho Jumapili, 10 Novemba 2024, hatuendi tena uwanjani. Tutaangalia kwenye TV nyumbani kwa mwenyekiti, hapa hapa Phoenix. Mbio za magari za NASCAR zinaanza saa saba mchana, ila fikeni saa sita tule kwanza.

Kwa ambaye hajasikia: leo dereva wetu Martin Truex Jr. kashika nafasi ya kwanza ya kuanzia! Ana miaka 44, ni mbio zake za mwisho kama dereva wa msimu mzima wa NASCAR, na gari namba 19 litakuwa mbele ya wote. Hayumo kwenye madereva wanne wanaowania ubingwa wa msimu huu, lakini ubingwa anao tayari, wa 2017. Mimi bado naumia na mbio za Daytona 500 za 2016, alipopitwa na Denny Hamlin kwa sekunde 0.010 tu akakosa ushindi. Tuyaache hayo.

1. Mchango ni dola 15 kwa mtu mzima, watoto bure. Mtumieni mweka hazina leo kabla ya saa nne usiku.
2. Pilau na mishikaki tayari vina wenyewe. Soda na barafu nani anachukua?
3. Njooni na viti vya kukunja, sebule haitutoshi.

Ni mizunguko 312, kwa hiyo wenye ibada ya jioni mjipange.

Tafadhali andika hapa "nakuja" na idadi ya watu wako usiku huu, mpishi ajue mchele wa kupima.

Karibuni sana.