Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Wilaya: Ng'oa Vigingi Uwanjani Kwetu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

YAH: VIGINGI KATIKA UWANJA WA SHULE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua zangu za kawaida ziligongwa mihuri masijala zikalala hukohuko, kwa hiyo hii naiandika hadharani, kwa heshima ileile.

Jumatatu asubuhi nimekuta wapima wamechomeka vigingi kuanzia golini hadi kona ya mwisho ya njia ya mbio. Nilipouliza, kijana mmoja akanijibu, "Mzee, hapa zinakuja fremu za biashara." Sijui kama mapato ya halmashauri yamepungua au kuna mtu ameshaahidiwa fremu ya kona. Nahisi yote mawili.

Uwanja huo niliufyeka na wanafunzi wangu. Nilipangiwa hapa kufundisha Jiografia. Michezo nikabebeshwa kwa kuwa nilikuwa mgeni na wenyeji hawakuitaka. Nimestaafu nayo, na jioni bado nipo uwanjani. Mistari tulichora kwa majivu chokaa ilipokosekana. Vijiti vya kupokezana nilikata bomba la maji. Mbio za nyika niliwafuata na baiskeli hadi mtoni, mpaka magoti yakakataa. Na kila UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ilipokaribia, nikienda kuomba nauli na chakula cha watoto, jibu lilikuwa fungu halijaingia. Fungu likawa mshahara wangu. Muulize mke wangu, ila uje na muda.

Septemba 2025, Alphonce Simbu alipomzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 katika marathoni kule Tokyo na kutupatia dhahabu yetu ya kwanza ya riadha ya dunia, ulikuja shuleni na msafara. Ulisimama juu ya nyasi hizohizo ukasema kina Simbu wajao watatoka hapa. Uliahidi mashine ya kukatia nyasi, saa za mbio na viatu. Saa tunayotumia ni yangu. Wasichana wa mita 3,000 wanakimbia pekupeku. Mashine imegeuka vigingi. Pengine kipaza sauti kilikuwa kibovu, nikasikia vibaya.

Watu huuliza redioni kwa nini tangu Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walete medali za fedha kutoka Moscow mwaka 1980 hatujapata medali nyingine ya Olimpiki. Wengine husema lishe, wengine makocha. Mimi si mtafiti, lakini sijawahi kuona mtoto akikata kona yenye duka.

Basi mashine baki nayo, Mheshimiwa. Viatu pia. Posho zangu za nyuma tutaongea siku nyingine, ingawa sijazisahau. Ng'oa vigingi. Mashindano ya wilaya yamekaribia na watoto wanaviruka kama viunzi. Juzi mmoja amechanika mguu. Fremu zipelekwe kwingine. Ng'oa vigingi kabla lori la matofali halijafika.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa michezo (mstaafu)