Waache wabishane kwanza

Shoga yangu mpendwa,

Habari za huko? Sisi Morogoro wazima, ila mvua imetushika, na umeme nao una mambo yake.

Ujumbe wako wa juzi umenichekesha peke yangu kama mwehu. Eti umeweka swali la mjadala kwenye Moodle, ule mfumo wetu wa masomo ya mtandaoni, na wanafunzi karibu wote wameandika "Naungana na mwenzangu aliyetangulia". Pole, yalinikuta na mimi. Mwaka jana niliwauliza wangu wa masoko ya mazao: "Eleza umuhimu wa vipimo sahihi." Nikaletewa majibu utadhani yametoka mkono mmoja. Wala sikuwalaumu. Lile lilikuwa swali la mtihani. Akishalijibu wa kwanza, waliobaki wabishanie nini?

Muhula huu nikaja na lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo: "Mkulima wa viazi Njombe akigoma kufunga lumbesa, wiki hiyo nani anaumia?" Weee! Mmoja akasema mkulima, maana dalali atahamia shamba la jirani. Akaibuka binti ambaye kumbe baba yake ni dalali, akajibu kwa hasira: nauli ya lori inalipwa kwa gunia, si kwa kilo, sasa mnashangaa nini kilemba cha juu ya gunia kikipanda? Hapo wakalipuka.

Vidole viliniwasha niingilie. Nikajizuia mpaka kesho yake. Unamkumbuka yule mtafiti Mmarekani, Mary Budd Rowe? Miaka ya 1970 aligundua kwamba mwalimu akishauliza husubiri kama sekunde moja tu, na akivuta hadi tatu majibu yanarefuka, hata wale wakimya wanafungua mdomo. Kwenye maandishi, mimi naona sekunde tatu zetu ni siku nzima, kwa sababu yupo anayengoja bando la usiku.

Halafu jaribu ule mjadala wa maswali na majibu humo humo kwenye Moodle: mwanafunzi haoni ya wenzake mpaka aandike lake. Naungana-na-mwenzangu inakufa siku hiyo hiyo. Ila waonye kwamba hata akishaandika, kwa kawaida atangoja nusu saa ndipo ayaone mengine. Mimi sikuwaonya, simu zikaita usiku kucha, "Madam, mfumo umegoma."

Kwenye Zoom, ukiwagawa vikundi, watatu au wanne wanatosha. Nawaagiza warudi na jambo walilokosana, nikiomba muhtasari nasomewa notsi zangu mwenyewe.

Alama ndizo bado zinanisumbua. Nikihesabu michango, wanajaza "asante kwa mchango mzuri". Nisipohesabu, nusu hawaonekani. Wewe unafanyaje?

Nitumie swali lako la wiki ijayo kabla hujaliweka, nilisome kama mwanafunzi mvivu. Watoto nisalimie.

Wako,
Shoga yako wa Morogoro