Huckleberry Finn ifundishwe, ila mwalimu asianzie ukurasa wa kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wazazi wenzetu walioko Marekani wanaotaka riwaya ya Mark Twain, Adventures of Huckleberry Finn, iondolewe katika masomo ya watoto wao wa sekondari. Msimulizi wake ni Huck, mvulana mweupe anayesafiri kwa chelezo katika mto Mississippi pamoja na Jim, mtumwa mweusi aliyetoroka Missouri. Uchungu wao naujua. Tusi la kuwadhalilisha watu weusi limo humo zaidi ya mara 200, na mtoto aliyetoka Bukavu au Bujumbura hulisikia darasani huku wenzake wakimgeukia kumtazama. Hata hivyo, madhara mengi hutokana na jinsi kitabu kinavyofundishwa. Mwalimu anafungua ukurasa wa kwanza, anagawa zamu za kusoma kwa sauti, na kabla wiki haijaisha darasa limeshaharibika.

Tusi lile lisitamkwe na mtu yeyote, mwalimu akiwemo. Msomaji akilifikia anyamaze kidogo, kisha aendelee. Utaratibu huo utangazwe kabla vitabu havijagawiwa, na barua ifike nyumbani wiki moja mapema kwa lugha anayoisoma mzazi. Mwanafunzi mweusi asipangiwe kusoma maneno ya Jim, wala asiulizwe watu wa rangi yake wanajisikiaje. Liko toleo la mwaka 2011 lililoweka neno "mtumwa" mahali pa tusi, nami silipendekezi. Katika sura ya 6, baba yake Huck, mlevi asiyejua kusoma, anamtukana msomi mweusi wa Ohio aliye huru, anayejua lugha nyingi na mwenye haki ya kupiga kura kwao. Twain alitaka tuone kwamba dharau ilimwandama hata mtu huru.

Kabla ya kuanza riwaya yenyewe, mwalimu atoe nakala ya nusu ukurasa wa sura ya 32, bila maelezo yoyote. Huck amefika shambani kwa akina Phelps na anadanganya kwamba mtambo wa meli ulipasuka njiani. Sally, mama mwenye nyumba, anauliza kama kuna aliyeumia. Huck anajibu hakuna, ila mweusi mmoja amekufa. Mama anasema ni bahati, maana wakati mwingine watu huumia. Swali kwa darasa ni moja: hapa anayeumbuliwa ni nani? Watakaosema Twain ni mbaguzi wasikilizwe vizuri. Maneno wameyasoma sawasawa, ila bado hawajamtenganisha msimulizi na mwandishi. Waonyeshwe kwamba Sally si katili. Amemkumbatia mtoto wa watu, na hatakosa kumlisha. Tashtiti ya Twain, yaani kejeli yake ya kukosoa, inawapiga watu wema, wacha Mungu, ambao huruma yao imewekewa mpaka na hawaujui. Mwanafunzi akilishika hilo, ataielewa hata sura ya 18, ambamo koo mbili zenye uhasama zinakwenda kanisani na bunduki, zinasikiliza mahubiri ya upendo wa kindugu, na kurudi nyumbani zikiyasifu.

Kipindi kizima kiende kwenye ramani, kwa sababu kila darasa huuliza: Illinois ilikuwa ng'ambo tu ya mto na haikuwa jimbo la utumwa, kwa nini Jim hakuvuka? Sheria ya mwaka 1793 ilimruhusu mwenye mtumwa kumfuata na kumkamata hata katika jimbo huru, na kichwa cha Jim kilikuwa kimewekewa zawadi ya dola 300. Jim alitaka wafike mji wa Cairo wa Illinois, pale mto Ohio unapoingia Mississippi, wauze chelezo na kupanda meli ya mvuke kwenda mbali zaidi kaskazini. Ukungu ukawapitisha Cairo bila kujua, na kuanzia hapo kila maili inampeleka Jim ndani zaidi ya nchi ya utumwa. Asiyelijua hili huisoma safari yote kama matembezi ya mtoni. Watoto wa Louisville, ambako familia nyingi za Kikongo zimehamia, wanao mto Ohio mjini kwao: Kentucky ilikuwa upande wa utumwa, Indiana ng'ambo.

Sura ya 31 ndiyo moyo wa kitabu na inastahili vipindi viwili. Daftari ligawanywe safu mbili, moja ya anachosema Huck kuhusu nafsi yake, nyingine ya anachotenda. Anaandika barua ya kumrudisha Jim kwa bibi anayemmiliki na, kwa kuwa amefundishwa kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni dhambi, anajisikia ametakaswa. Kisha anakumbuka jinsi Jim alivyokuwa akimshikia zamu ya usiku ili yeye aendelee kulala. Anaichana barua, akikubali kwenda motoni. Wanafunzi huteleza kwa kuandika kwamba Huck ameamua kupinga utumwa, ilhali hajatamka popote kwamba utumwa ni dhambi. Mwandishi amemwachia msomaji aitoe hukumu hiyo mwenyewe.

Kwa mtoto ambaye Kiingereza bado kinampa taabu, lahaja ya Jim ni ukuta. Apewe muhtasari wa sura kabla ya kusoma, na asikilize kitabu kilichorekodiwa huku akifuata maandishi. Sura za matapeli wawili wanaojiunga na Huck na Jim njiani, ya 19 hadi ya 30, zisile muda: zisomwe kwa ukamilifu ya 21 hadi ya 23, nyingine zifupishwe.

Ernest Hemingway, katika kitabu chake cha uwindaji Tanganyika kilichotoka mwaka 1935, alisema fasihi yote ya kisasa ya Marekani imetokana na riwaya hii, kisha akashauri msomaji aishie pale Jim anapoibwa. Hapo simfuati. Twain aliiandika kati ya 1876 na 1883, miaka ambayo watu weusi walioachwa huru kisheria walikuwa wakipokonywa haki zao upya. Jim kuendelea kufungiwa kibandani kwa mchezo wa Tom Sawyer, rafiki wa Huck anayejua fika kwamba Jim ameshaachwa huru, kunaudhi, na darasa liachwe liudhike. Mtihani wa mwisho uulize kuhusu dola 40: wawindaji wa watumwa wanampa Huck katika sura ya 16, tapeli anazipata kwa kumuuza Jim katika sura ya 31, na Tom anamlipa Jim mwishoni. Fedha hiyo imenunua nini kila mara?

Mzazi mwenye wasiwasi aombe kuona ratiba ya wiki mbili za kwanza. Akikuta hakuna ramani, hakuna kanuni ya kusoma kwa sauti, wala zoezi la kumtenganisha msimulizi na mwandishi, ana haki ya kuomba mwanawe apewe kitabu kingine, na shule nyingi huruhusu.

Mwalimu wa fasihi,
Louisville, Kentucky