Chama kitajwe kwa wote

Mhariri,

Sisi wa kijiwe cha kahawa hapa Majengo, Dodoma, tunasoma gazeti moja watu sita, kwa hiyo hakuna mstari unaotupita. Mwezi uliopita diwani mmoja alituhumiwa kula fedha za mradi wa maji. Kichwa cha habari kilianza na jina la chama chake, kwa herufi nene. Wiki mbili baadaye akatuhumiwa mwingine, wa chama kingine, kwa mambo yale yale. Huyo mkamwita "kiongozi mmoja". Chama chake tulikitafuta hadi aya ya mwisho, wapi! Muuza kahawa ndiye aliyetuambia, maana ni jirani yake.

Najua mtajibu kwamba tuhuma ni za mtu binafsi. Sawa, kama tungekuwa na mgombea binafsi. Lakini Katiba yetu ya 1977, ibara ya 67, inataka anayegombea ubunge awe mwanachama na apendekezwe na chama, na kwa ibara ya 71, mbunge akikihama chama chake, kiti kinamponyoka. Diwani naye hugombea kupitia chama; chama ndicho kilichomleta. Mbona akizindua zahanati kule Bahi au Chamwino mnakitaja aya ya kwanza bila kuulizwa?

Siombi mchukue upande wangu (upande ninao, sifichi). Tajeni chama cha kila mtuhumiwa, mahali pale pale kwenye habari, au msitaje cha yeyote. Na yule diwani wa pili, uchunguzi wake umefikia wapi?

Msomaji wenu,
Majengo, Dodoma