Barua ya wazi kwa afisa wa mifugo wa kaunti: paka wa Lamu wahasiwe na wachanjwe siku hiyo hiyo

Assalam alaikum Mheshimiwa,

Mimi ni mkazi wa Langoni na naandika juu ya paka. Usicheke kwanza.

Njoo soko la samaki asubuhi. Mvuvi akitupa tu utumbo wa changu chini utaona paka wanatokea chini ya meza, juu ya ukuta, mpaka ndani ya madau, na kati yao kuna mmoja wa kijivu mwaka huu nimeshamuona na mimba mara mbili na sasa tumbo limejaa tena, mbavu zote nje, jicho moja limeganda usaha. Mimba ya paka ni kama siku 63 tu na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha, sasa piga hesabu mwenyewe.

Kuna wanaosema watiwe sumu. Jamani, sumu haichagui, kuku ataila, punda ataila na mtoto anayecheza kichochoroni ataishika. Halafu haisaidii, wanaobaki wanapata chakula kingi, watoto wao wanapona wengi, muda si muda mko pale pale. Na sisi tuliosoma madrasa twajua yaliyomkuta yule mwanamke aliyemfungia paka bila chakula mpaka akafa, basi tusifike huko.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu aling'atwa mkono na paka wa mtaani. Tukauosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hilo nililijua, lakini chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye kituo cha kwanza hakuna, cha pili hakuna, tukaja kuipata mbali na kwa hela. Sindano tano, siku ya 0, 3, 7, 14 na 28, na kila siku hizo ni nauli ya boti. Ukisubiri mpaka dalili za kichaa cha mbwa zitoke umechelewa, hapo karibu hakuna anayepona. Ni kweli wengi huambukizwa na mbwa, lakini paka akiumwa na mnyama mwenye ugonjwa naye anaupata, na huyu ndiye analala barazani kwetu. Yaani mtu mmoja sindano tano, na paka angechomwa moja tu akiwa amelala kwa dawa ya usingizi wakati anahasiwa, kisha akakatwa ncha ya sikio iwe alama kwamba ameshahasiwa, akarudishwa pale pale alipotolewa.

Ombi langu ni kazi iende mtaa kwa mtaa, mtaa mmoja uishe ndio muhamie mwingine. Ukihasi watano Mkomani na watatu kwetu ni pesa za bure, waliobaki watazaa wajaze nafasi. Na sisi tuna bahati ya kisiwa, paka haogelei kutoka Mokowe kule bara (ila kuna watu huwaleta ndani ya viroba wakawatupa gatini, hao nao muwaangalie). Chanjo irudiwe kwa wakati wake, na itengewe fungu lake kwenye bajeti, isiwe ya kusubiri wafadhili.

Vijana wa kushika mitego wapo, mimi mwenyewe nipo. Paka hukamatika wakiwa na njaa, kwa hiyo tutawaomba wauza samaki wasiwatupie kitu usiku wa kuamkia siku hiyo, na hao nimeshaongea nao, wamekubali. Bado daktari tu na tarehe. Na kama yawezekana iwe kabla yule wa kijivu hajazaa.

Wako,
Mkazi wa Langoni, Lamu